Presha Haitulii? Anza na Mkanda, Ndipo Ufike Kwenye Figo

Mashine ikionyesha 158/96, wengi hufanya moja kati ya mambo mawili: wanameza kidonge cha ziada, au wanaizima na kujiambia kuwa mashine ni mbovu. Kosa ni lilelile. Namba ya presha ni dalili, na dalili hiyo inaweza kuwa imetoka kwenye mkanda usioutosha mkono, kibofu kilichojaa, kidonge cha maumivu ya mgongo ulichoanza juzi, dawa ya presha uliyoisahau, au figo zilizoanza kuchoka. Kila chanzo kina utatuzi wake.

Mpangilio wa kutafuta ni huu: kwanza hatari ya papo hapo, kisha kipimo chenyewe, kisha vinavyoingia mwilini, kisha dawa, na mwisho kabisa magonjwa yaliyojificha. Anayeruka hatua huishia kulipia vipimo vya figo kumbe tatizo lilikuwa mkanda.

Hali isiyosubiri

Namba ya juu ikifika 180 au ya chini ikifika 120, jiangalie mwili kwanza. Kama kuna maumivu ya kifua, pumzi kukatika, upande mmoja wa mwili kulegea au kufa ganzi, mdomo kwenda upande, maneno kuvurugika, macho kupoteza nuru ghafla, kuchanganyikiwa, degedege, au maumivu makali ya mgongo yaliyoanza ghafla kama kitu kinachanika, hiyo ni dharura. Nenda hospitali wakati huohuo, usiendeshe gari mwenyewe, na uandike saa dalili zilipoanza, kwa sababu baadhi ya matibabu ya kiharusi hutolewa ndani ya saa chache tu. Dalili za kiharusi zikitokea, ondoka hata kama mashine inasema 130/80.

Kama namba ni hizo lakini hujisikii chochote, kaa, tulia dakika 5, pima tena. Zikibaki palepale, muone daktari siku hiyohiyo. Usimeze dozi mbili, na usikubali kuwekewa nifedipini ya haraka chini ya ulimi. Njia hiyo ilizoeleka zamani na bado ina watetezi wake, lakini hushusha presha kwa kishindo, na ubongo uliozoea msukumo mkubwa hukosa damu ghafla. Mtu anapata kiharusi kwa dawa aliyopewa ili asikipate. Presha iliyopanda kwa miaka na isiyoleta dalili hushushwa kwa siku na wiki.

Namba zinasema nini

Ya juu ni msukumo wa damu kwenye kuta za ateri moyo unapojikaza. Ya chini ni msukumo unaobaki moyo unapolegea ili ujae tena. Kipimo ni milimita za zebaki. Vitu viwili ndivyo huzitengeneza: kiasi cha damu ambacho moyo husukuma kwa dakika, na ubanaji wa mishipa midogo inakopita damu hiyo. Figo zina mkono katika vyote viwili, maana ndizo huamua chumvi na maji kiasi gani vibaki mwilini, na ndizo huanzisha mlolongo wa homoni za kubana mishipa.

Chini ya 120/80 ni nzuri. Kwa Shirika la Afya Duniani, 140/90 au zaidi, ikipimwa siku mbili tofauti, ni shinikizo la juu la damu. Marekani tangu 2017 huanzia 130/80. Vipimo vya nyumbani huwa chini kidogo kuliko vya kliniki, kwa hiyo nyumbani mpaka ni wastani wa 135/85. Inatosha namba moja kati ya hizo mbili kuvuka mpaka. Mwenye 128/94 ana tatizo, hata kama ya juu inapendeza.

Kuna jambo linalowapoteza watu wengi: kusubiri kichwa kiume ndipo wapime. Presha ya kupanda kwa kawaida haina dalili. Kichwa kinachouma mara nyingi kinauma kwa sababu nyingine, na maumivu hayohayo ndiyo yanaipandisha presha kwa muda. Kisogo kizito, kizunguzungu, moyo kwenda mbio: vyote hivi ni sababu ya kupima, lakini havithibitishi kitu, na kukosekana kwake hakuthibitishi kitu pia.

Tatizo: namba zinaruka, 162 sasa, 138 baada ya dakika tano

Presha hubadilika kwa kila pigo la moyo, kwa hiyo tofauti ya 5 hadi 10 kati ya vipimo viwili ni ya kawaida. Ikizidi hapo, kagua utaratibu kabla ya kumkagua mtu.

Anza na mkanda. Hiki ndicho chanzo kikubwa cha namba za uongo na ndicho kinachopuuzwa zaidi. Pima mzunguko wa mkono katikati ya bega na kiwiko kwa futi ya fundi cherehani, kisha linganisha na vipimo vilivyochapishwa kwenye mkanda. Mikanda mingi inayokuja na mashine imetengenezewa mkono wa sentimita 22 hadi 32. Kifuko cha hewa kilicho ndani kinapaswa kuzunguka angalau asilimia 80 ya mkono. Kikiwa kifupi, mashine hulazimika kusukuma hewa nyingi kupita kiasi ili kuibana ateri, na namba hupanda, kwa mtu mnene wakati mwingine kwa 10 hadi 20. Mkanda mkubwa mno hufanya kinyume. Ukingo wake wa chini ukae sentimita 2 hadi 3 juu ya mkunjo wa kiwiko, bomba au alama ya ateri ielekee upande wa ndani wa mkono, na ukifunga, vidole viwili vipite chini yake bila kung'ang'ania. Funga juu ya ngozi tupu. Kukunja mkono wa shati mpaka ubane juu ya mkanda ni kosa jingine, kwa sababu shati lenyewe linageuka mkanda wa pili.

Urefu wa mkono ndio unaofuata. Katikati ya mkanda pawe usawa wa moyo, yaani katikati ya kifua, mkono ukiwa umelala juu ya meza. Mkono ukining'inia sentimita 10 chini ya moyo, unaongeza karibu 8. Hiyo ni fizikia ya uzito wa damu tu, na ndiyo sababu mashine za kifundo cha mkono hudanganya kirahisi: kifundo husogea sana. Tumia ya mkono wa juu kama unaweza. Mkono pia usishikiliwe na misuli yako mwenyewe hewani, maana msuli uliojikaza hupandisha presha.

Kisha mwili. Kwa dakika 30 kabla ya kupima usinywe kahawa, usivute sigara, usifanye mazoezi. Nenda haja ndogo. Kibofu kilichojaa kinaweza kuongeza 10 au zaidi. Kaa kwenye kiti chenye egemeo, nyayo zote mbili chini, miguu isipishane, na tulia dakika 5 kamili. Tulia maana yake ni kutulia: kuongea, hata kujibu "nzuri" kwa anayekusalimia, kunatosha kuongeza namba kadhaa, na simu mkononi siyo mapumziko. Pima mara mbili kwa kuachana dakika 1, uandike zote mbili. Zikitofautiana kwa zaidi ya 10, pima mara ya tatu.

Mara ya kwanza kabisa pima mikono yote miwili. Tofauti ndogo ni ya kawaida. Kuanzia hapo tumia mkono wenye namba kubwa daima. Tofauti ya namba ya juu ikizidi 20 kila unaporudia, mwambie daktari, kwa sababu huenda ateri ya upande mmoja imebanwa.

Kama utaratibu wote ni sahihi na namba bado zinaruka bila mpango, shika mapigo kwenye kifundo cha mkono kwa dakika nzima. Mashine za kielektroniki hazisikilizi sauti kama daktari anavyofanya na kipima sauti; zinasoma mtikisiko wa ateri ndani ya mkanda, na mtikisiko huo ukikosa mpangilio hesabu yake huvurugika. Mapigo yanayokuja ovyo, moja karibu, jingine mbali, yanahitaji kipimo cha umeme wa moyo. Hapo mashine iliyokuwa ikilaumiwa huenda imegundua jambo zito kuliko presha yenyewe.

Mashine ikionyesha alama ya kosa badala ya namba, mara nyingi ni moja kati ya haya: mkono ulitikisika, mkanda umelegea, bomba limekunjika au halijaingia sawasawa, au betri zimechoka. Badilisha betri zote kwa pamoja. Hewa ikijaa polepole sana au mkanda ukirudia kujaa mara mbili tatu, sikiliza kama kuna sauti ya kuvuja kwenye maungio. Na mara moja kwa mwaka nenda nayo kliniki, mpime mkono mmoja kwa mashine zote mbili kwa kupokezana. Ikiwa yako inatofautiana kwa zaidi ya 10 mfululizo, imeshazeeka.

Tatizo: kliniki iko juu, nyumbani iko chini (au kinyume chake)

Usichague namba unayoipenda. Pima nyumbani kwa siku 7: asubuhi kabla ya dawa na kabla ya kula, na jioni, mara mbili kila wakati. Tupa za siku ya kwanza, kisha tafuta wastani wa zilizobaki. Namba ya juu ina wastani wake na ya chini ina wastani wake.

Wastani ukiwa chini ya 135/85 huku kliniki ikisoma 150, unao wasiwasi wa kliniki. Hauhitaji dawa moja kwa moja, ila haumaanishi uko salama milele. Baadhi ya watu wa kundi hili baadaye hupata presha ya kweli, hivyo rudia zoezi hili angalau mara moja kwa mwaka. Kinyume chake ndicho kibaya zaidi, maana hakitafutwi: kliniki 128, nyumbani 145. Hutokea kwa wavutaji sigara, wanywaji pombe, wenye msongo wa kazi na wenye kisukari. Hao hutibiwa kwa namba za nyumbani.

Kwa kawaida presha hushuka kwa asilimia 10 hadi 20 usingizini na kupanda alfajiri. Ukiona asubuhi peke yake iko juu kila siku, angalia mambo matatu: dawa ya jana imeisha nguvu kabla ya saa 24, pombe ya jioni, au usingizi unaokatikakatika kwa kukoroma.

Tatizo: namba ni juu kweli, na bado hujaanza dawa

Hapa orodha ya washukiwa ni ndefu, lakini chumvi na vidonge vya dukani ndivyo vianze kuhojiwa.

Kikomo cha chumvi kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, karibu kijiko cha chai kilichosawazishwa, na hiyo inahesabu chumvi yote: ya kupikia, ya mezani, na iliyokwisha kuwemo ndani ya vyakula vya viwandani. Hiyo ya tatu ndiyo isiyoonekana. Mkate, soseji, jibini, samaki wa kopo, supu za pakiti, tambi za haraka, sosi ya soya na vidonge vya kuongeza ladha ya mchuzi vinaweza kumaliza posho ya siku nzima kabla hujagusa kibakuli cha chumvi. Lebo nyingi huandika sodiamu badala ya chumvi. Zidisha kwa 2.5. Sodiamu miligramu 800 ni gramu 2 za chumvi. Angalia pia kama namba hiyo ni ya gramu 100 au ya pakiti nzima, hapo ndipo watengenezaji hupenda kujifichia. Ukipunguza, chakula kitakosa ladha kwa wiki kadhaa, kisha ulimi huzoea; ndimu, siki, kitunguu saumu na pilipili husaidia kuvuka kipindi hicho. Chumvi ya bahari, ya mawe au ya rangi ya waridi ni chumvi tu.

Upande wa pili wa mizani ni potasiamu, inayozisaidia figo kutoa sodiamu. Inapatikana kwenye maharage, mboga za majani, viazi, ndizi, parachichi na machungwa. Lakini mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia dawa za presha kama enalaprili, losatani au spironolaktoni, asitumie "chumvi nafuu" yenye potasiamu bila kupima damu. Potasiamu ikizidi husimamisha moyo.

Sasa vidonge. Ibuprofeni, diklofenaki na naproksini huzifanya figo zishike chumvi na maji, na hupunguza nguvu ya dawa nyingi za presha. Mtu anameza kwa ajili ya magoti kila siku, hafikirii kumtajia daktari wa presha kwa sababu "ni ya maumivu tu". Dawa za mafua zenye pseudoefedrini hubana mishipa. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, prednisoloni na dawa nyingine za kundi lake, vinywaji vya kuongeza nguvu, peremende na dawa zenye mzizi wa susi, kokeini na amfetamini, vyote vipo kwenye orodha. Hata kidonge cha maumivu kinachochemka ndani ya maji kinaweza kubeba miligramu 300 hadi 400 za sodiamu. Vidonge sita kwa siku vinaweza kuvuka kikomo cha chumvi hata bila chakula. Kwa maumivu, parasetamoli ya kawaida kwa dozi ndogo na kwa siku chache ni nafuu zaidi kwa presha, ingawa nayo ikitumiwa kwa dozi kamili kila siku huipandisha kidogo.

Uzito: kila kilo inayopungua hushusha namba ya juu kwa takriban 1. Mazoezi ya kutembea kwa kasi inayokuacha uweze kuongea lakini usiweze kuimba, dakika 30, siku 5 kwa wiki, hushusha kama 5, na faida hupotea ndani ya wiki chache ukiacha. Pombe hupandisha kadiri inavyozidi, na kuipunguza hushusha. Sigara kila moja hupandisha presha kwa dakika kadhaa, lakini ubaya wake mkubwa ni kwamba huharibu kuta zilezile ambazo presha inazigonga.

Wastani wa nyumbani ukiwa kati ya 135/85 na 150/95, huna kisukari wala ugonjwa wa moyo au figo, daktari anaweza kukubali miezi 3 ya mabadiliko haya kabla ya dawa. Ukiwa juu ya hapo, dawa na mabadiliko huanza pamoja. Kabla ya kidonge cha kwanza, vipimo vya msingi ni protini kwenye mkojo, kreatinini (taka inayochujwa na figo), sodiamu na potasiamu kwenye damu, sukari, lehemu, na umeme wa moyo.

Tatizo: unatumia dawa na presha haishuki

(Majina ya dawa hapa yameandikwa kama yanavyotamkwa, kwenye boksi herufi za mwisho hutofautiana kidogo.)

Swali la kwanza ni kama dawa inaingia tumboni. Hesabu vidonge vilivyobaki, ulinganishe na tarehe uliyochukua. Kukosa dozi mbili tatu kwa wiki kunatosha kueleza namba mbaya, na watu husahau kwa sababu za kawaida kabisa: dawa ziko chumbani na chai inanywewa jikoni, au dozi ni mara tatu kwa siku. Omba dawa za mara moja kwa siku, na kama ni aina mbili, kidonge kimoja chenye zote mbili. Saa ya kumeza haina ugomvi, asubuhi au usiku. Muhimu ni iwe ileile.

Pili, muda. Amlodipini huchukua wiki moja hadi mbili kufikia nguvu yake, nyingine hadi wiki 4. Anayepima siku ya tatu na kubadilisha dawa hatajua kamwe ipi ilifanya kazi.

Tatu, kuacha ghafla. Presha ikisoma 122/78 kwa miezi miwili, mtu husema amepona. Namba hiyo ni kazi ya dawa. Atenololi, bisoprololi na hasa klonidini zikikatwa ghafla, presha au mapigo ya moyo yanaweza kurudi kwa kasi kuliko mwanzo. Zinapunguzwa polepole, kwa ratiba ya daktari.

Nne, dozi na mchanganyiko. Wengi huhitaji dawa mbili za makundi tofauti, na mbili za dozi ndogo kwa kawaida hushusha zaidi, tena kwa madhara machache, kuliko moja iliyoongezwa mpaka juu. Mchanganyiko wa enalaprili na losatani pamoja ni kosa: zinafanya kazi kwenye njia moja, na matokeo ni figo kuumia na potasiamu kupanda. Ukikuta zote mbili kwenye mfuko wako kutoka kliniki mbili tofauti, rudi ukaulize.

Tano, yale ya sehemu iliyotangulia: diklofenaki, chumvi, pombe. Dawa ya kuongeza mkojo ikimezwa na mtu anayekula gramu 12 za chumvi kwa siku inapigana vita ya kushindwa.

Baada ya kuyapitia hayo yote, kama bado wastani uko juu ukiwa kwenye dawa 3 kwa dozi kamili, mojawapo ikiwa ya kuongeza mkojo, hiyo ndiyo presha sugu ya kweli, na inahitaji kuchunguzwa sababu zilizojificha.

Tatizo: presha imeshuka, lakini dawa imeleta mengine

Kikohozi kikavu kinachokera usiku, kilichoanza ndani ya wiki au miezi ya kuanza enalaprili, lisinoprili au kaptoprili: dawa hiyo inazuia kuvunjwa kwa kemikali inayosisimua njia ya hewa. Dawa za kikohozi hazisaidii. Hubadilishwa na losatani au telmisatani. Midomo, ulimi au uso vikivimba kwa dawa hizohizo, ni dharura, na kundi hilo hulirudii tena.

Miguu kuvimba jioni kwa amlodipini: mishipa midogo inayoingiza damu imepanuka kuliko inayoitoa. Dawa ya kuongeza mkojo haiondoi uvimbe huu vizuri. Kupunguza dozi au kuongeza dawa ya kundi la losatani husaidia. Lakini miguu ikivimba pamoja na kukosa pumzi ukilala chali, usiilaumu amlodipini, uchunguzwe moyo.

Misuli kukakamaa na uchovu kwa hidroklorothiazaidi au indapamidi: pima potasiamu na sodiamu. Kwa bisoprololi, mapigo chini ya 50 pamoja na kizunguzungu yanahitaji dozi kuangaliwa upya, na mwenye pumu aseme mapema kwamba ana pumu. Upungufu wa nguvu za kiume nao una ufumbuzi, mara nyingi ni kubadilisha kundi la dawa, lakini daktari hawezi kubadilisha asichoambiwa. Wengi huacha dawa kimyakimya kwa sababu hii, kisha wanarudi na kiharusi.

Tatizo: kizunguzungu ukisimama

Hiki huitwa haraka "presha ya kushuka" na kutibiwa kwa chumvi ya kulamba. Kipime kwanza. Lala dakika 5, pima. Simama, pima baada ya dakika 1 na tena baada ya 3. Namba ya juu ikianguka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, ni kweli presha huanguka ukisimama. Sababu za kawaida ni upungufu wa maji kwa kuhara, kutapika au jasho, dawa za kuongeza mkojo, dawa za tezi dume kama tamsulosini, dozi iliyozidi, na kisukari kilichoharibu neva. Kabla ya kubadilishiwa dawa: kaa kwanza ukingoni mwa kitanda dakika 1 au 2, kaza mashavu ya miguu mara kumi, ndipo usimame. Siku za kuhara sana, piga simu uulize kama usitishe dawa ya mkojo na enalaprili au losatani kwa muda, kwani figo zisizo na maji huumizwa nazo.

Presha isipoanguka, chanzo kiko kwingine: sikio la ndani, upungufu wa damu, sukari iliyoshuka, moyo. Na mtu mwenye 92/58 asiyehisi chochote, anayefanya kazi zake vizuri, hana ugonjwa.

Sababu zilizojificha

Zitafutwe kwa aliye chini ya miaka 40, kwa presha sugu, kwa iliyopanda ghafla baada ya miaka ya utulivu, na kwa ambaye presha imemharibu mapema kiungo cha ndani kama figo au moyo. Kila moja huacha alama yake:

- Mkojo wenye povu lisiloisha, uso kuvimba asubuhi, kreatinini juu: figo zenyewe.
- Potasiamu chini, hata bila dawa ya mkojo, misuli kulegea: homoni ya aldosteroni kutoka tezi zilizo juu ya figo imezidi. Hutokea mara nyingi kuliko inavyopimwa.
- Kichwa, jasho na moyo kwenda mbio vinavyokuja kwa vipindi, vyote vitatu pamoja: uvimbe wa tezi hizohizo unaomwaga adrenalini.
- Kukoroma, pumzi kukatika usingizini, kusinzia mchana: njia ya hewa huziba usiku.
- Kreatinini kupanda sana baada tu ya kuanza enalaprili au losatani: ateri ya figo iliyobanwa.
- Kwa kijana, presha ya mguu kuwa chini ya ile ya mkono, mapigo ya paja yakiwa hafifu: ateri kuu iliyobanwa tangu kuzaliwa.

Kwa wazee kuna hali ya kipekee: 168/72, ya juu peke yake. Ateri zimekakamaa, hazinyumbuki moyo unapopiga. Hutibiwa pia, ila polepole, huku kipimo cha kusimama kikifanywa kila dozi inapoongezwa, kwa sababu kuanguka na kuvunja nyonga ni madhara halisi ya haraka.

Ukiwa mjamzito

Mpaka ni 140/90, na 160/110 ni dharura hata bila dalili. Baada ya wiki 20, presha iliyopanda pamoja na kichwa kisichosikia dawa, macho kuona vimulimuli, maumivu chini ya mbavu za kulia, au uso na mikono kuvimba ghafla ni dalili za hatari za kifafa cha mimba. Enalaprili, losatani na ndugu zao huharibu figo za mtoto tumboni, kwa hiyo mwanamke anayezitumia aombe kubadilishiwa kabla ya kubeba mimba, au siku anayogundua. Metildopa, labetalolo na nifedipini ya kutoa dawa polepole ndizo hutumika.

Kujifungua hakumalizi jambo. Presha hufika kilele chake kati ya siku ya 3 na ya 6 baada ya kuzaa, wakati mama wengi wameshatoka hospitali, na kifafa kinaweza kutokea katika siku hizo hata kwa aliyekuwa na presha nzuri wakati wa ujauzito. Mama aliyekuwa na presha apimwe kila siku katika wiki hiyo ya kwanza, na akiona kichwa kinauma huku macho yanapoteza nuru, arudi hospitali bila kusubiri kesho.